Sheria ya Mashamba Yaliyolala

Niseme mapema ili tusije tukagombana: nchi inayoitwa Ustawini haipo. Ukiitafuta kwenye ramani utaumiza macho bure. Viongozi wake hawapo, kampuni zake hazipo, na kama kuna mheshimiwa yeyote atakayesoma habari hizi akaanza kutokwa na jasho, mimi simo. Jasho ni lake, na sababu anaijua mwenyewe.

Sasa huko Ustawini, nchi ambayo haipo, katika kijiji cha Mwabasana, aliishi mjane mmoja aitwaye Nyamizi. Alikuwa na ekari nne za mahindi na maharage, ng'ombe wawili wa kulimia, na mdomo ambao marehemu mumewe, Kasanda, aliusifu mbele za watu na kuukimbia akiwa nyumbani. Kasanda alizikwa pale pale shambani, ukingoni, karibu na michongoma ya mpakani. Kila asubuhi, kabla hajashika jembe, Nyamizi alipita pale akamsimulia mambo ya jana yake, na kwa kuwa Kasanda hakuwa tena na pa kukimbilia, alisikiliza mpaka mwisho.

Mambo yalianza kuharibika siku Mheshimiwa Dakta Telesphori, Waziri wa Nishati na Uamsho wa Ardhi, aliporudi kutoka ng'ambo. Alikuwa amekwenda kwenye mkutano wa siku tatu, akakaa wiki sita kwa sababu ya uzito wa ajenda. Huko aligundua jambo ambalo hakuna mwana wa Ustawini aliyewahi kuligundua: kwamba nchi zinazoshiba hutumia umeme mwingi, na nchi zenye njaa hutumia umeme kidogo. Aliwaza ndani ya ndege njia nzima, na ndege ilipotua akawa amemaliza kuwaza kabisa.

"Ndugu wananchi!" alisema pale pale uwanjani, mizigo yake ikiwa bado inashushwa. "Kwa miaka mingi tumedanganywa kwamba njaa inaletwa na kukosa chakula. Uongo mtupu! Njaa inaletwa na kukosa kutumia umeme! Mkulima wetu analala, shamba lake linalala, jembe lake linalala. Mimi nimekuja kuwaamsha!"

Waliopiga makofi walipiga, na ambao hawakupiga majina yao yaliandikwa.

Bunge la Ustawini lilipitisha Sheria ya Mashamba Yaliyolala alasiri moja, baada ya chai. Ilisema kwamba kila shamba ni lazima litumie umeme usiopungua uniti mia tisa kwa msimu. Shamba lisilofikisha litahesabiwa kuwa limelala, na shamba lililolala litachukuliwa likabidhiwe kwa mwenye uwezo wa kuliamsha. Nani huyo mwenye uwezo? Sheria haikumtaja, maana sheria haina upendeleo. Ilitokea tu kwamba kampuni moja iitwayo Amsha Ardhi ilikuwa imesimika mabango yake vijijini siku mbili kabla Bunge halijakaa. Watu wa kampuni hiyo walikuwa hodari sana wa kuwahi.

*

Mita ililetwa Mwabasana na Afisa Mkaguzi Bwana Zefania, kijana mwembamba mwenye shati jeupe na kalamu tatu mfukoni. Maelekezo aliyopewa yalisema mita ifungwe katikati ya shamba. Akapima kwa hatua zake, akafika kwenye maharage yaliyokuwa yameanza kutoa maua, akachimba shimo, akasimika nguzo, akafunga mita juu yake. Nyamizi alisimama pembeni, mikono kiunoni.

"Bwana Afisa, umekanyaga maharage yangu."

"Hayo maharage yanatumia umeme kiasi gani, mama?"

"Maharage hayatumii umeme."

Zefania akatikisa kichwa kwa huruma, akaandika. "Kulima unatumia nini?"

"Jembe na ng'ombe."

"Hao ng'ombe wana nguvu kiasi gani?"

"Inategemea. Yule mwekundu anaitwa Bahati, huyo anavuta tangu asubuhi hadi jua la utosi. Yule mnene anaitwa Waziri. Huyo anakula tu."

Kalamu ilisimama kidogo. Kisha Zefania akaandika: "Jibu halikusikika."

"Na maharage ukishavuna, unayakausha kwa nini?"

"Kwa jua."

"Jua hilo lina kibali?"

"Halijanionyesha," alisema Nyamizi. "Labda wewe ukilikuta huko njiani uliulize."

Zefania hakucheka. Hakuwa mtu mbaya, tena niseme hapa hapa kwamba alikuwa mtu mwaminifu kuliko wote katika wizara ile, na ndiyo sababu walimtuma mashambani badala ya kumweka ofisini. Alifungua jalada lake akasoma kwa sauti ya upole: "Msimu uliopita, mama, umetumia uniti sita. Sheria inataka mia tisa. Umebakiza siku sitini."

"Sita ni za taa. Ninayo moja, iko jikoni."

"Basi ongeza taa."

"Nimulike nini?"

Swali hilo halikuwa na nafasi kwenye fomu. Bwana Zefania akafunga jalada, akaaga kwa adabu, akaenda kukanyaga maharage ya jirani.

*

Ng'ambo ya kijito lilikuwapo shamba la mfano la Amsha Ardhi. Lilikuwa shamba la kutisha. Kwa mujibu wa bango lake lilikuwa na ekari elfu tano, ingawa watu wa Mwabasana waliokuwa wakichunga huko zamani waliapa kwamba hazifiki hata mia nane. Meneja alikuwa ameongeza kidogo kwenye bango ili Waziri afurahi, Waziri naye akaongeza kidogo kwenye ripoti ili wafadhili wafurahi, na elfu tano ikawa ndiyo ekari rasmi. Kulikuwa na taa juu ya milingoti, zikiwaka mchana kutwa. Kulikuwa na pampu kumi na mbili zilizovuta maji kijitoni, zikayarusha hewani kwa mabomba ya kuzunguka, maji yakateremka mtelemko yakarudi kijitoni, pampu zikayavuta tena. Kazi hiyo ilikula uniti elfu arobaini kwa msimu, na shamba lile lilikuwa limepata nishani tatu.

Kitu kimoja tu hakikuwapo, nacho ni mazao. Ukiuliza ulijibiwa kwamba shamba bado liko katika hatua ya kuamka.

Meneja wake, Bwana Prosper, mwenye viatu vya ncha kali ambavyo havikujua tope, alimtembelea Nyamizi siku ya pili. Alikataa kiti, kisha akakubali, kisha akakipangusa.

"Mama yangu, mimi nakuonea huruma," alianza. "Utafikisha wapi uniti mia tisa? Kampuni imefikiria. Tunachukua hili shamba, na wewe tunakuajiri."

"Niajiriwe kufanya nini?"

"Utakuwa mlinzi wa shamba lako."

"Nilinde lisiibiwe?"

"Hasa!"

"Na nani?"

Bwana Prosper akacheka cheko fupi, akatandaza ramani mezani. Palikuwa na mistari ya buluu, duara nyekundu, na pembeni, karibu na michongoma, mraba mweusi. Nyamizi akaweka kidole juu ya ule mraba.

"Hapa pana nini?"

"Nyumba ya pampu ya kumi na tatu."

"Hapa yupo Kasanda."

"Atahamishwa," alisema Bwana Prosper, kwa sauti ya mtu anayezungumzia kabati. "Kampuni inalipia kila kitu."

Sitaandika yote aliyoyasema Nyamizi baada ya hapo, kwa sababu kitabu hiki kinaweza kuangukia mikononi mwa watoto. Inatosha kusema kwamba Bwana Prosper aliondoka bila ramani, na viatu vyake siku hiyo vikalijua tope. Lakini alipokwisha kuondoka, Nyamizi alikaa chini. Aliogopa, tena aliogopa sana. Ekari nne zile ndizo zilizomlea, ndizo zilizosomesha mabinti zake wawili waliokuwa bweni, na ndizo zilizomfunika mumewe. Mtu akimtukana angemjibu, lakini mita utaijibu nini?

*

Akaanza kutumia umeme. Masikini, alijitahidi. Alinunua taa nne akazifunga zizini, na ng'ombe kwa mara ya kwanza wakaanza kutazamana vizuri, na hawakupendezwa. Aliazima pasi, akapiga pasi nguo zake zote, na zilipoisha akapiga pasi magunia, na magunia yalipoisha akapiga pasi majani ya migomba. Jirani aliyepita akamkuta amekaa kitako anakunja jani la mgomba kwa mistari, akaenda moja kwa moja kwa Mzee Ng'wandu kusema kwamba mjane wa Kasanda amerukwa na akili.

Mzee Ng'wandu alikuwa ndiye mkubwa wa ujima pale kijijini. Kule Mwabasana, wakati wa palizi na wa mavuno, watu hawafanyi kazi kila mtu kwake. Nyumba kumi na mbili hukusanyika, wakaingia shamba moja kwa pamoja, wakalimaliza, mwenye shamba akawapikia, kesho yake wakahamia la jirani. Mzee Ng'wandu ndiye aliyepanga zamu. Alikuwa na miaka sabini na moja, na ndiye aliyemfundisha Nyamizi kushika plau mwaka ule Kasanda alipofariki, akitembea nyuma yake siku nne nzima bila kumgombeza hata mara moja.

Alikuja, akamtazama, akalitazama jani.

"Umefika ngapi, mwanangu?"

"Kumi na tisa, baba." Machozi yakamtoka. "Watamchimba Kasanda."

Mzee akaenda kuitazama mita pale kwenye maharage, akaizunguka kama mnunuzi anavyomzunguka mbuzi mnadani. Kisha akarudi.

"Hii ni kazi," alisema. "Kazi ikimshinda mmoja tunajua inavyofanywa. Tutapiga ujima wa umeme. Mashamba kumi na mawili, kila moja siku nne, siku arobaini na nane. Kabla ya siku sitini tumemaliza wote."

"Na zamu inaanzia wapi?"

"Unauliza nini wewe? Tangu lini zamu ikaanzia pengine? Inaanzia kwa mjane."

Ndivyo ilivyokuwa Mwabasana, na hakuna aliyekumbuka nani aliyeweka desturi hiyo. Mjane kwanza, wengine baadaye.

*

Lo! Laiti ungeona siku nne zile. Alfajiri ya Jumanne mikokoteni ilianza kumiminika kwa Nyamizi. Holo, mwenye saluni pale senta, alileta madraya yake matatu ya kukaushia nywele, yale ya kuvaa kichwani kama sufuria. Fundi wa kuchomelea alileta mashine yake na madirisha ya chuma yasiyo na mwenyewe. Mashine ya kusaga iling'olewa ikaletwa nzima nzima ikakazwa chini ya mwembe mchanga wa uani. Zikaja pasi tisa, redio kumi na nne, birika, majiko ya koili, na friji la soda ambalo mwenyewe hakukubali kulitoa mpaka soda zote zikaja nalo.

"Washa!" aliamuru Mzee Ng'wandu.

Wakawasha. Nguzo ya umeme ilitoa mlio, ndege wakaruka, na mita ya Nyamizi, ambayo tangu izaliwe haijawahi kukimbizwa, ikaanza kuhesabu kwa kasi. Fundi akachomelea dirisha, akalikata, akalichomelea tena. Mashine ya kusaga ikasaga mahindi, ikasaga pumba, ikasaga pumba za pumba. Wazee walioshindwa kazi ngumu walikaa chini ya madraya ya Holo kwa zamu, wakitoka wamekauka mpaka kope.

"Shoga, mbuzi wako analoa umande," Holo alimwambia Nyamizi. "Tumkaushe?"

"Mkaushe tu, uniti ni uniti."

Wakamkausha mbuzi. Alitoka amevimba manyoya, hakutambulika na mwanawe mpaka jioni.

Nyamizi akapika kama desturi inavyotaka, ugali na maharage, na kila baada ya muda mtu alikimbia hadi kwenye nguzo akarudi akipiga kelele: "Mia tatu na kumi!" "Mia sita na tisini!" Ilipotimia mia tisa, Ijumaa asubuhi, wanawake walipiga vigelegele hadi kule ng'ambo ya kijito Bwana Prosper akatoka nje kutazama. Wangezima pale. Lakini fundi alikuwa amepandwa na mori wa kazi, Holo alikuwa na wateja watatu chini ya madraya, na mwenye friji alisema soda bado hazijapoa. Walipozima, jioni ya siku ya nne, mita ilisoma elfu moja mia tatu na kumi na mbili.

"Jumatatu tunahamia kwangu," alisema Mzee Ng'wandu, akijifuta jasho. "Kesho tupakie vyombo, Jumapili tupumzike."

Bwana Prosper naye hakuwa amekaa bure. Aliyaona madraya kwa darubini, akauliza, akaambiwa, akakaa akafikiri. Alielewa upesi kwamba akiwaachia siku sitini atakosa mashamba yote kumi na mawili. Akapiga simu mjini. Na ikatokea tu, kwa bahati, kwamba Mheshimiwa Waziri akakumbuka ana safari nyingine ya ng'ambo, hivyo ukaguzi wa msimu ukaletwa mbele kidogo, kutoka siku ya sitini hadi kesho yake Jumamosi.

*

Turubai lilifungwa uwanja wa shule. Walikuja waheshimiwa, ikaja bendi, zikaja karatasi za hati kumi na moja zilizokwisha kupigwa muhuri, zikisubiri jina tu la mpokeaji. Bwana Prosper alikaa safu ya mbele, koti limepigwa pasi kuliko majani ya Nyamizi. Wanakijiji walikaa juani. Mita ya Mzee Ng'wandu ilisoma uniti mbili. Ya Holo nne. Vyombo vyote vilikuwa bado juu ya mikokoteni, vikingoja Jumatatu.

Nyamizi alikaa kati yao akiwa amejiinamia. Shamba lake lilikuwa limepona na moyo haukumruhusu kufurahi.

"Ndugu zangu!" Waziri alianza. "Leo ni siku ya kihistoria! Mashamba kumi na moja ya hapa yamekutwa yakikoroma! Yakikoroma mchana, jua kali, nchi ikijenga uchumi! Je, tuyaache?"

"Tusiyaache!" bendi ikajibu, maana ndiyo waliolipwa kujibu.

"Sheria inasema, kifungu cha nne, mashamba yaliyolala atakabidhiwa jirani aliye macho kuliko wote. Na tunampimaje aliye macho? Kwa hisia? Hapana! Kwa sayansi! Kwa wingi wa uniti kwa kila ekari!"

Kifungu hicho kiliandikwa na mawakili wa Amsha Ardhi wenyewe. Walikipenda kwa sababu kilisikika cha kisomi. Hesabu yenyewe hakuna aliyeifanya, maana jibu lilikuwa linajulikana. Aliyetakiwa kuandika jina kwenye karatasi ya Waziri alikuwa Bwana Zefania, na Bwana Zefania alikuwa na kasoro moja tu katika utumishi wake: alijua kugawanya. Akachukua uniti elfu arobaini za Amsha Ardhi, akazigawanya kwa ekari elfu tano zilizoandikwa kwenye bango, kwenye ripoti na kwenye nishani zote tatu. Akapata nane. Akachukua uniti elfu moja mia tatu na kumi na mbili za Nyamizi, akazigawanya kwa ekari nne. Akapata mia tatu ishirini na nane. Akarudia mara mbili. Kisha akaandika jina kwa mwandiko mzuri.

Waziri akavaa miwani. Katika maisha yake ya uongozi hakuwahi kusoma karatasi kabla ya kuisoma kwa sauti.

"Kwa hiyo, kwa mamlaka niliyopewa, mashamba yote kumi na moja nayakabidhi leo kwa mwekezaji wetu mahiri, kielelezo cha taifa, mheshimiwa... Nyamizi... mke wa Kasanda!"

Bendi ikapiga. Televisheni ilikuwa inarusha moja kwa moja. Bwana Prosper alikuwa amekwisha kusimama na kufunga kifungo cha koti, akabaki amesimama vile vile, mkono kifuani, watu wakadhani anaheshimu wimbo. Waziri aliisoma karatasi tena kimoyomoyo, akaitazama kamera, kamera ikamtazama, akatabasamu. Kiongozi wa Ustawini hakosei, na akikosea inakuwa sera.

*

Walimpandisha jukwaani wakamvika shada. Wakampa hati zote kumi na moja ndani ya bahasha kubwa. Kabla hajashuka ngazi, Bwana Prosper alikuwa amekwisha kumfikia.

"Mheshimiwa Mwekezaji," alisema. "Niuzie. Sahihi moja tu. Ghorofa mjini, gari, kiti kwenye bodi yetu. Na kaburi halitaguswa, naapa. Pampu tutaipeleka kwa yule mzee."

Nyamizi alimgeukia Bwana Zefania.

"Bwana Afisa, mwekezaji anaweza kurudisha mashamba kwa wenyewe?"

"Hairuhusiwi, mama... mheshimiwa. Kurudisha ni kuudharau uwekezaji. Ni kosa."

"Anaweza kukataa kuuza?"

"Mwekezaji haulizwi."

"Na mita? Akitaka zing'olewe zote, na ile yangu kwenye maharage?"

Zefania akafungua sheria, akapitisha kidole. "Mwekezaji haulizwi anachotumia kwa miaka thelathini. Ndiyo msamaha wa uwekezaji, uliombwa na..." Akamtazama Bwana Prosper. "Uliombwa na wadau."

"Na hizi karatasi? Kwangu kuna mchwa. Nikiwagawia watu wanitunzie, kila mmoja moja?"

"Haulizwi."

"Basi twende," alisema Nyamizi. "Leteni sururu."

Wakaenda, Waziri na msafara wake nyuma, maana kamera zilikwenda. Mita kumi na mbili ziling'olewa saa ile ile na kupakiwa kwenye gari la serikali, na askari alizipigia saluti kwa kuwa hakuna aliyemwambia asipige. Waziri alisema mbele ya televisheni kwamba huu ndio uamsho aliokuwa akiuzungumzia. Nyamizi akapita kwa watu wake, akifungua bahasha, akisoma majina ya viwanja, akimpa kila mtu karatasi ya shamba lake.

Wakapokea. Lakini hakuna aliyepiga kigelegele. Walishika zile hati kwa mikono miwili, wakasoma palipoandikwa jina la mwenye shamba, na kote palikuwa pameandikwa Nyamizi. Holo, shoga yake wa miaka ishirini, alipokea akasema "Asante sana" kama anavyowaambia wateja.

Wa mwisho alikuwa Mzee Ng'wandu. Alisimama kwenye mpaka wa shamba lake, miguu nje, hajaingia. Alipomwona Nyamizi anakuja alivua kofia, akainamisha kichwa chake cheupe.

"Shikamoo, Mwekezaji."

Nyamizi akamkimbilia.

"Baba! Unanilaani? Mimi ni Nyamizi!"

"Najua, mwanangu. Sikudhihaki." Macho yake yalikuwa chini. "Ila karatasi inasema shamba ni lako. Mahindi yangu yanataka palizi. Sijui mtu anaombaje ruhusa ya kuingia kwake, ndiyo nimeanza na salamu."

Nyamizi akavua shada la maua akaliweka kando. Akapiga magoti palepale kwenye tope la mpaka, na gauni lake la sherehe, mbele ya Waziri na kamera zake, kama alivyozoea kufanya kila asubuhi akipita kwa mzee yule.

"Shikamoo, baba," alisema. "Wewe ndiye mwenye shamba. Sisimami mpaka uitikie."

Mzee hakuitikia. Upepo ulipita kwenye mahindi. Kule nyuma, Mheshimiwa Waziri alijinyoosha shingo.

"Mwekezaji anafanya nini pale?"

"Anapima udongo, mheshimiwa," alisema Bwana Zefania, bila kumtazama.

"Safi sana. Andika."

Bwana Zefania akatoa kalamu, lakini hakuandika. Alikuwa anamtazama Mzee Ng'wandu, ambaye alikuwa amevaa tena kofia yake, akavuka mpaka, akaingia shambani mwake hatua moja, ya pili, kisha akageuka na kumnyooshea mkono yule mjane aliyepiga magoti.

"Marahaba," alisema. "Marahaba, mwanangu. Inuka, unakanyaga mahindi yangu."